Jibini la Mazishi Yangu

Nilitoka hospitali nikiwa hai, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelipangia. Padri alikwisha kunipaka mafuta. Daktari, kijana mmoja mwenye miwani, alikwisha kumwita mwanangu pembeni. Nimonia kwa umri wangu, na kwa kifua hiki kilichovuta moshi wa jiko la kuni tangu nizaliwe, ni safari ambayo watu hawarudi. Mimi nikarudi. Siku ya kutoka nilimuuliza yule daktari kama amesikitika, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Bibi Césarine," akasema, "wewe unatuaibisha."

Mwanangu Régis ndiye aliyekuja kunichukua kwa gari. Nilidhani tunapanda kwetu juu, bonde la Anniviers kwenye milima ya Uswisi, kwenye nyumba yangu ya magogo yenye ghala la mawe chini yake. Kumbe wapi. Akakata kona, akaingia mtaani kwake, papo hapo mjini Sierre.

"Wapi huku?" nikamuuliza.

"Nyumbani, mama. Utakaa nasi kidogo upate nguvu. Juu kuna theluji, barabara mbaya."

"Theluji nimeizoea kabla wewe hujazaliwa."

"Najua, mama."

Hakunitazama. Régis ni mtu mzima, fundi wa lifti za mlimani, mvi zimemjaa, lakini akiwa na jambo analolificha hufanya vilevile alivyofanya akiwa mtoto: anakaza macho mbele na sikio lake la kushoto linaiva jekundu. Siku ile lilikuwa limeiva. Nikamwacha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi sina haraka na mshindo.

Mkewe, Nadège, alikuwa ametupikia supu. Nadège ni mtu wa Geneva, mtu wa usafi, mtu wa kusoma maandishi madogo nyuma ya kila pakiti. Hana ubaya. Ila ana mtindo wa kunisemesha kwa sauti kubwa na taratibu, utadhani nimonia imenila masikio. Nikanywa supu yake nikaisifu, maana ilistahili, kisha nikauliza swali nililokuwa nalo tangu nilipofungua macho pale hospitalini.

"Jibini langu analigeuza nani?"

Régis akatazama kijiko chake. Nadège akamtazama Régis.

Sasa kwetu juu mtu haendi kaburini mikono mitupu. Mwaka anaooa au kuolewa huwekewa jibini zima la duara, la maziwa ya kiangazi kule malishoni, na jibini hilo haliguswi na mtu. Linakaa juu ya ubao ghalani. Linageuzwa, linapanguswa kwa kitambaa cha maji ya chumvi, linazidi kukauka huku mwenye nalo akizidi kuzeeka. Siku akifa wanalishusha na kulikata, na wote waliomsindikiza wanakula kipande kwa mkate mweusi na divai. Hivyo ndivyo marehemu anavyowaaga watu. La mume wangu Firmin lililiwa hadi ganda. Watu walilisifia mezani kwangu, mbele ya macho yangu yaliyovimba, na wallahi sifa ile ndiyo iliyonishika nisianguke. Nimekula pia kwenye msiba mwingine ambako jibini lilikuwa limeoza ndani kwa ndani. Watu walilitemea kwenye leso. Mpaka leo yule mama hatajwi bila kutajwa jibini lake, na ameacha watoto wazuri na bustani nzuri, lakini nani anayekumbuka bustani?

Langu nimeligeuza kwa mkono wangu huu katika ndoa yangu yote na ujane wangu wote. Pale kitandani, kufa sikukuogopa sana. Niliogopa kuzikwa kwa jibini bovu.

"Liko salama, mama," Régis akasema. "Liko hapa."

"Hapa wapi? Nyumba hii haina ghala. Haina hata pa kuvulia viatu."

Nadège akanijibu kwa sauti yake ileile. "Liko kwenye friji, mama."

Nikainuka. Walitaka kunishika mkono nikawakatalia. Nikafungua friji mwenyewe. Walikuwa wameondoa rafu moja, na jibini langu limekaa katikati ya mtindi na karoti, limefungwa kwa ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, safu juu ya safu, kama mtoto aliyefungwa nepi na baba yake. Ndani ya plastiki matone ya maji yalikuwa yakitiririka.

"Litoeni," nikasema.

Régis akalibeba hadi mezani. Akachana plastiki kwa kisu, na harufu iliyotoka ilikuwa ya mkojo wa paka aliyefungiwa chumbani wiki nzima. Nadège akakimbilia dirisha. Lile ganda langu la kahawia, kavu, lililokuwa na sura ya jiwe la mto, lilikuwa sasa linanata na kuteleza. Ukungu mweupe wenye manyoya umelizunguka, na huku na kule umeota wa kijani.

"Nani amefanya hivi?" nikauliza, na macho yangu yalikuwa kwa mkwe wangu.

"Mimi," akasema Régis.

"Wewe? Si yeye?"

"Ni mimi, mama. Yeye aliniambia nikuulize kwanza."

Maneno niliyokuwa nimemwandalia Nadège ilibidi niyameze, na yalikuwa mengi. Nikamgeukia mwanangu.

"Wewe umezaliwa juu ya ghala la jibini. Baba yako alikuwa na ng'ombe. Hujui kwamba jibini linapumua? Ukilifunga plastiki umelikaba koo. Jasho lake linalirudia lenyewe, linajichemsha, linajioza. Kitambaa, Régis. Karatasi, basi. Hata gazeti. Lakini plastiki?"

"Nisamehe, mama."

Nadège akasogea, leso puani. "Mama, mimi nadhani ukungu ukishaingia, ni afadhali kutupa. Afya yako bado changa. Tutakununulia jingine zuri kabisa, kuna duka karibu na kituo cha treni..."

"Ukienda hilo duka, mkwe, nunua na maiti kabisa, jibini liwe la kwake."

Régis akakohoa. Alikuwa anaficha kicheko, na sikumpa nafasi ya kukitoa.

Usiku ule sikulala vizuri, nitakuwa mwongo nikisema nililala. Asubuhi nikavaa aproni ya Nadège, nikaanza kazi. Nikakwangua ukungu wote kwa mgongo wa kisu, pole pole, nisiumize ganda. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya chumvi, nikalipangusa lote, juu, chini, ubavuni, nikalikausha. Régis akang'oa ubao kwenye kabati lake la vitabu kwa amri yangu. Tukaliweka kwenye roshani ya upande usiopata jua, juu ya ubao, tukalifunika kwa kipande cha shashi. Baridi ya mwezi ule ilitosha, wala haikuwa ya kugandisha.

Nadège alisimama mlangoni akinitazama. Nilidhani amekuja kulinda usafi wa roshani yake. Kumbe alitaka kujua.

"Mama, utajuaje kama limeoza au halijaoza? Si linanuka?"

Nikamwambia harufu ile peke yake si ushahidi. Jibini lililonyimwa hewa hunuka hivyo. Lipe hewa, likae, kisha linuse tena. Harufu ikiondoka, ilikuwa hasira tu. Ikibaki, ndipo ulie. Ukungu vilevile. Kwenye jibini laini, lile la kupaka kwenye mkate, ukiuona ukungu usioujua, tupa lote, usitafute mahali pazuri pa kuonja, maana umeshatambaa ndani ambako jicho halifiki. Kwenye jibini gumu, ukungu hukaa juu kama vumbi juu ya kabati. Unafuta, au unakata pale palipoingia na nyama nzuri kidogo ya pembeni, unakula kilichobaki. Cha kuogopa ni jibini linalovimba, au linalopasuka na ufa ukatoa maji, au linalobonyea.

"Linalobonyea vipi?"

Nikaushika mkono wake, nikaweka kidole gumba chake juu ya ganda. "Bonyeza. Unasikia? Linakukatalia. Sasa ligonge kwa kifundo cha kidole."

Akagonga. Akainamisha kichwa, akagonga tena mahali pengine. Yule mtu wa Geneva alikuwa na sikio, sikujua.

Siku zikapita, tukawa tunaligeuza kwa zamu. Harufu ya paka ikapungua, ikawa ya mbali, ikaondoka. Asubuhi moja nikainua shashi nikapata harufu ya majani makavu, ile ya ghalani kwangu, na nikasimama pale na koti la Régis mabegani nikiinusa kama mlevi. Nikaanza kubonyeza kuzunguka ukingo. Gumu. Gumu. Gumu. Halafu kidole kikazama.

Ilikuwa sehemu ndogo, pembeni, upande uliolalia chini kule kwenye friji, ambako maji yalikuwa yametuama. Nikabonyeza tena nikiomba nimekosea. Kikazama tena. Mahali padogo vile panaweza kuwa jeraha la ganda tu, na panaweza kuwa mlango wa shimo lililokwenda hadi katikati. Kwa nje huwezi kujua hata ukigonga mpaka kesho.

Njia ya kujua iko. Kuna kijichuma chenye mfereji, sawa na bambo la kuchungulia mchele ndani ya gunia: unakizungusha kwenye jibini, unakitoa, kinakuletea habari za ndani. Tatizo ni kwamba jibini la mazishi halichomwi bambo. Halifunguliwi kwa namna yoyote kabla mwenyewe hajafa. Kwetu wanasema ukilifungua, umejiita.

Nikampigia simu wifi yangu Ida, dada yake marehemu Firmin. Ndiye aliyebaki na bambo la familia.

"Usithubutu, wifi," akaniambia. "Umesahau Candide wa kwa mhunzi?"

"Candide alikuwa na miaka tisini na alianguka ngazini akiwa amelewa."

"Na jibini lake alikuwa amelikata wiki ileile."

"Ndiyo maana alilewa. Jibini linataka divai."

"Haya, cheka. Wewe ndiye uliyetoka kupakwa mafuta juzi, si mimi."

"Bambo unalo?"

"Ninalo. Na sikupi."

Akakata simu. Ida tangu niolewe kwao ni hivyohivyo, akiudhika anakata kwanza ndipo anakumbuka alichotaka kusema.

Mimi mambo ya kujiita siyaamini. Lakini kutoamini ukiwa mzima ni rahisi. Nilikuwa bado natembea nikishika viti. Mchana mzima nilikaa nikibishana na nafsi yangu. Nisipolifungua sitajua, na siku yangu ikifika watu wataketi mezani, Régis atashika kisu, na mimi sitakuwepo hata kuona haya. Nikilifungua, basi, nimelifungua.

Jioni Régis aliporudi kutoka kazini alikwenda moja kwa moja roshani kuligeuza, hata koti hakuvua. Nikamfuata, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Kuna swali hujanijibu," nikamwambia.

"Lipi, mama?"

"Jibini lilishukaje huku? Kule ghalani lilikuwa halidai kitu. Hata lingekaa mwezi bila kugeuzwa lisingekufa. Nani alikutuma?"

Sikio likaanza. Akaegemea ukuta, akatazama taa za chini barabarani.

"Daktari alisema hutafika Jumapili," akasema. "Na redio ilikuwa inatangaza theluji kubwa, barabara ya juu ingefungwa. Nikaona utafia huku, na jibini liko kule, na mimi siwezi kulifikia. Nikapanda jioni ileile."

"Kwa hiyo ulikwenda kuchukua jibini la msiba."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi napumua."

"Ndiyo, mama."

Nilifura. Nasema kweli, nilifura mpaka kifua kikaanza kunibana. Mimi napigania pumzi kwenye mashine, na mwanangu wa kumzaa anapanda mlima kuandaa meza. Nikafungua mdomo nimpe zake. Hakuningoja.

"Kwenye gari lilinuka," akasema. "Ile harufu, mama. Ya siku ya baba. Nilifungua madirisha yote na baridi ile, nikaendesha hivyohivyo, na bado. Nilipofika nikalifunga plastiki. Nikaona bado nalisikia, nikalifunga tena, na tena. Nilikuwa najua plastiki haifai, nimelelewa na wewe, nitakosaje kujua? Sikujali. Nilitaka nisilisikie tu. Kila nikilisikia, wewe ulikuwa umeshakufa."

Mwanamume mzima, na koti lake la kazi, anajifuta kamasi kwa mkono wa koti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini hakuna aliyenifundisha kwamba na mwana ana wake. Hasira ilitoka mwilini sijui ilipitia wapi. Nikamshika lile sikio, nikalivuta taratibu.

"Mpumbavu wewe," nikamwambia. "Twende ndani, utaugua kifua, na wewe jibini lako bado changa."

Jumapili baada ya misa kengele ya mlango ikalia. Ida. Ameteremka na basi peke yake, na viatu vyake vya theluji, na pochi ameikumbatia.

"Sikuja kwa ajili ya hilo," akasema kabla hajaulizwa. "Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Karibu. Mgonjwa ni mimi."

"Unaonekana mzima kuliko mimi." Akaketi, akafungua pochi, akatoa leso, akaifunua. Bambo lilikuwa limesuguliwa mpaka linang'aa. "Nimelala nikiwaza," akasema, akiitazama meza. "Nikasema, kama wifi atakula aibu siku ya kuzikwa kwake, aibu ni ya ukoo wetu. Candide alikuwa mlevi, basi."

Régis akaleta jibini mezani. Nadège akatandika kitambaa safi, akasimama nyuma ya kiti changu. Ida akapiga ishara ya msalaba. Mimi nikatafuta pale penye kubonyea, nikaweka ncha ya bambo, nikaanza kuzungusha.

Lilizama bila kazi. Hilo ndilo nililoliogopa. Kina cha kidole kizima liliingia kama kwenye siagi, nikasikia Nadège nyuma yangu ameacha kupumua. Nikazungusha tena. Ndipo likakamata. Likakamata kwelikweli, gumu, la kukwaruza, ikabidi niegemeze bega zima. Nikalisukuma hadi mwisho, nikalipindua, nikalivuta.

Mwanzoni, karibu na ganda, palikuwa na kijivu, maji, uvundo. Kilichofuata kilikuwa cha manjano kama nta ya mshumaa wa zamani, kikavu, kisafi, kuanzia pale mpaka ncha. Nikakata kile cha kijivu nikakisukumia mbali. Nikanusa kilichobaki. Nikakiweka kwenye ulimi.

Lilikuwa jema. Jema lenyewe, la chumvi na lozi na mchuzi wa nyama uliochemka sana. Pumzi niliyoishusha pale sijui nilikuwa nimeibeba tangu lini. Nikakaa, na nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu.

"Zima," nikasema. "Watoto, ni zima."

Régis akainama juu ya meza akafunika uso kwa viganja vyake. Ida alichukua kipande kutoka kwenye bambo bila kuombwa, akakitafuna kwa meno ya mbele.

"Chumvi imekaa," akasema, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa leso ileile ya bambo.

Nadège ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi kwenye akili. "Sasa tunaziba tundu kwa siagi, sivyo, mama? Tunalirudisha ubaoni?"

Swali zuri. Na jibu nilikuwa nalo tangu lile rojo la kijivu lilipotoka, ila nilikuwa nimejipa dakika moja ya kufurahi.

"Halitakaa," nikamwambia. "Ganda limeshafunguka. Hata nikikata pale palipooza, jeraha la namna ile linaendelea kula ndani. Leo ni zima. Krismasi ijayo siwezi kuliapia. Kwa hiyo ama nife upesi kabla halijaoza, na hilo nimeshalijaribu likashindikana, ama tulile."

Ida akapiga tena ishara ya msalaba.

"Régis, lete kisu kikubwa."

"Hapana, mama."

"Régis."

"Sikati. Mtafute mtu mwingine. Nimelishusha kwa mikono hii nikijua kwamba... halafu leo unataka nilikate mbele yako?"

"Mbele yangu, ndiyo. Ulitaka kulikata nyuma yangu."

Aliyecheka kwanza ni Nadège. Kicheko kilimponyoka kupitia puani, akajiziba mdomo, akashindwa, akaegemea friji. Ida akamfuata. Mimi nikaenda nikachukua kisu mwenyewe.

Nikakiweka katikati, nikakandamiza. Hakikwenda. Jibini lile lina umri wa ndoa yangu, na mikono yangu ilikuwa bado ya hospitali. Nikakandamiza mara ya pili, kisu kikakwama. Ndipo Régis akaja nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu, bila neno, tukasukuma pamoja. Likapasuka kwa mlio mkavu. Pande mbili, safi, hakuna doa ila pale pembeni, na pale tukapachonga tukapatupa pamoja na nyama nzuri ya pembeni, kwa kuwa sikutaka ubahili siku kama ile.

Tukala. Mkate mweusi ulikuwepo, divai nyeupe ikafunguliwa. Kwetu hakuna anayejua ladha ya jibini lake mwenyewe. Firmin maskini hakujua kwamba lake lilikuwa tamu hadi mkuu wa kijiji akaomba kipande cha pili. Mimi langu nimelijua. Nikawaambia walisifie kama inavyopasa, nataka kusikia kila kitu. Ida akasimama na glasi yake, kwa sauti ya makaburini.

"Mwenye jibini hili alikuwa mwanamke mchapakazi."

"Endelea," nikasema.

"Alikuwa mkarimu, akipenda."

"Endelea."

"Mdomo alikuwa nao."

"Mdomo alikuwa nao," akaitikia Nadège kama kanisani, na mara hii mimi ndiye niliyepaliwa na divai, wakanipiga mgongoni wote watatu kwa woga.

Nilipotulia, Régis alikuwa ameketi karibu yangu akitafuna taratibu. Alichukua kipande cha pili, akakinusa. Akakinusa tena, akala.

"Sasa huna jibini, mama," akasema.

"Sina."

"Kiangazi nitapanda malishoni nikuagizie. La Julai, ng'ombe wakiwa juu kabisa."

"Jibini changa haliendi msibani. Watu watadhani ni ubatizo."

"Najua."

"Linataka miaka kumi ndipo liwe na adabu."

"Kumi, ndiyo," akasema. "Kabla ya hapo halifai kukatwa, mama. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Alikuwa ananitazama usoni, na mkate ameusahau mkononi. Nikamwambia aagize lililo kubwa, na baada ya hapo asiliguse. Nitaligeuza mwenyewe.